Kikapu cha Benchi na Kikapu cha Simu: Nani Anahesabu, Nani Anasikia?

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 12:4-15, Kutoka 38:21-31, 2 Wakorintho 8:16-21



Makanisa mengi ya mji wetu wa Kisangani, kutoka Makiso mpaka Mangobo, kutoka Kabondo mpaka ng'ambo ya Lubunga, leo yana vikapu viwili. Kikapu cha kwanza tunakijua tangu zamani. Kinapita kati ya benchi Siku ya Bwana, korali ikiimba, na kila mmoja anaweka alichokuja nacho. Kikapu cha pili hakionekani kwa macho. Ni namba ya simu iliyoandikwa ubaoni au kutumwa katika grupu ya WhatsApp. Mtu anatuma toleo lake kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money akiwa kazini, akiwa safarini, hata akiwa Kinshasa au Ulaya.

Vikapu hivi viwili vimeleta baraka, lakini vimeleta manung'uniko pia. Wakoko wetu wanasema: "Siku hizi mambo ya kanisa yanapitia ndani ya simu. Tunasikia tu kwamba michango imeanza, tunasikia tena kwamba imekwisha. Sisi tusio na simu si washirika?" Vijana nao wanasema: "Kila Siku ya Bwana tunaitwa kutoa. Mwaka jana ilikuwa mabati, mwaka huu ni mabati tena. Fedha ya kwanza ilikwenda wapi?"

Tukisikiliza haraka, tutasema wazee wanachukia mambo mapya na vijana hawana imani ya kutoa. Lakini tukisikiliza vizuri, tutaona kwamba wote wawili wanauliza neno moja. Koko anauliza, "Mbona sikuambiwa kabla?" Kijana anauliza, "Mbona sikuambiwa baadaye?" Kinachowaumiza wote ni kunyamaziwa. Tuone basi Neno la Mungu linatufundisha nini juu ya kukusanya fedha na kuwaambia watu.

1. Toleo la mbali si jambo geni

Kuna mpendwa anayeamini kwamba sadaka isiyowekwa mkononi mbele ya madhabahu si sadaka. Tumheshimu, maana anapenda ibada. Lakini tumwonyeshe Maandiko. Kanisa la Filipi lilimtumia Paulo msaada akiwa mbali, zaidi ya mara moja. Alipokuwa kifungoni, Epafrodito ndiye aliyebeba matoleo yao (Wafilipi 4:15-18). Washirika wa Filipi hawakumwona Paulo akipokea. Hata hivyo Paulo aliyaita matoleo hayo harufu nzuri mbele za Mungu.

Angalieni kitu kimoja zaidi hapo. Katika mstari wa 18 Paulo anasema amepokea vyote. Neno la Kigiriki analotumia ni lile ambalo wafanyabiashara wa wakati ule waliandika kwenye risiti zao, kwa maana ya "nimepokea kamili". Mtume wa Bwana alitoa risiti! Toleo lilisafiri mbali, na neno la kupokelewa likarudi kwa watoaji.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza kwa majirani zetu wa Kenya mwaka 2007. Kwetu Kongo, mwaka 2012 kampuni za simu zilikuwa zimeshaianzisha. Si kitu cha shetani, na si kitu kitakatifu pia. Ni mbebaji, kama Epafrodito. Kijana wa toleka anayelipwa na abiria kwa simu mchana kutwa, kwa nini tumshangae akitoa fungu lake la kumi kwa simu hiyohiyo? Na mwaka 2023, mzozo wa Mbole na Lengola ulipofukuza familia nyingi kutoka makwao na kuzileta mjini, mahitaji hayakungoja Siku ya Bwana. Mtoto mwenye njaa siku ya Jumanne anahitaji unga Jumanne. Siku kama hizo, fedha inayofika kwa dakika moja ni msaada wa kweli.

Basi swali letu si kama simu inafaa. Swali ni hili: fedha ikishafika, nani anaihesabu, na nani anasikia habari zake?

2. Kasha la Yehoyada

Mfalme Yoashi aliagiza kwamba fedha ya watu itumike kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Makuhani walipokea, kila mmoja kwa watu aliowafahamu. Miaka ikapita. Mwaka wa 23 wa mfalme ulipofika, nyumba ilikuwa bado na mabomoko yake. Biblia haisemi kwamba makuhani waliiba. Inasema tu kwamba kazi haikufanyika. Sisi tunajua jambo hilo linaleta nini: watu wanaanza kuulizana kwa sauti ndogo, mkono unakuwa mzito, na kikapu kinarudi chepesi.

Yehoyada kuhani alifanya nini? Alichukua kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, mahali ambapo kila anayeingia aliliona. Fedha ilipojaa, hakuihesabu mtu mmoja. Alikuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja. Mmoja alitoka ikulu, mwingine alitoka hekaluni. Halafu fedha ikapewa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi, wakanunua miti na mawe. Mstari wa 13 unaongeza jambo kubwa: fedha ile haikutumika kutengeneza vyombo vya fedha vya nyumba ya Bwana. Vyombo ni vitu vizuri, lakini watu walitoa kwa ajili ya mabomoko. Kwa lugha ya leo, fedha ya mabati haikugeuka kuwa fedha ya vipaza sauti.

Najua wengine watasoma mstari wa 15 na kusema, "Mchungaji, hapo imeandikwa kwamba wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walifanya kazi kwa uaminifu." Ni kweli, imeandikwa. Lakini tusianzie mstari wa 15 na kuruka mstari wa 10. Fedha ilikuwa imeshahesabiwa mbele ya watu wawili kabla haijafika mikononi mwa mafundi, na kila aliyeingia hekaluni aliona kazi inakwenda. Mtumishi anayeshika mstari wa 15 ili asiulizwe neno ameacha kasha, tundu, mwandishi na ukuta uliotengenezwa. Kuaminiwa kwa wale wasimamizi kulikuja baada ya kazi kuonekana.

Hata ndugu zetu wasiookoka wanalijua jambo hili. Kwa nini likelemba inadumu miaka katika soko, kati ya wamama wasio na mkataba wowote wa maandishi? Kwa sababu kila mmoja anajua leo zamu ya nani, kiasi gani, na fedha inatolewa mbele ya wote. Siku mmoja akianza kupokea pembeni, likelemba inavunjika. Je, nyumba ya Mungu iwe na giza kuliko likelemba ya soko?

3. Hesabu ambayo Mungu aliihifadhi

Wengi wetu tukisoma Kutoka 38 tunaruka, tunaona ni orodha tu. Tusiruke. Musa aliamuru hesabu ya vitu vya maskani ifanywe, chini ya mkono wa Ithamari mwana wa Haruni. Kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli, na waliohesabiwa walikuwa 603,550. Chukueni karatasi. Gawanyeni 603,550 kwa mbili, mtapata shekeli 301,775. Sasa someni Biblia inasema ilipatikana fedha kiasi gani: talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta moja ilikuwa shekeli 3,000, kwa hiyo talanta 100 ni shekeli 300,000. Ongezeni 1,775. Hesabu inalingana, shekeli hata moja haikupotea.

Halafu Biblia inaendelea kueleza matumizi. Talanta 100 zilitengeneza vikalio 100 vya kusimamisha mapazia na patakatifu. Zile shekeli 1,775 zilizobaki zilitengeneza kulabu za nguzo na kupamba vichwa vyake. Hata mabaki yameelezwa.

Musa alizungumza na Mungu uso kwa uso. Kama kuna mtumishi aliyeweza kusema, "Mimi ni mtu wa Mungu, msiniulize," ni yeye. Lakini yeye ndiye aliyeamuru hesabu. Na kabla ya hapo, matoleo yalipotosha, aliwaambia watu waache kuleta (Kutoka 36:5-7). Alitangaza mwanzo, akatangaza kwamba inatosha, akatoa hesabu. Kanisa linaloweza kusema "inatosha" litaaminiwa likisema tena "tunahitaji".

4. Orodha ya WhatsApp na senti mbili za mjane

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza watu kimya kimya. Katika grupu nyingi za makanisa, mchango ukianza kunatokea orodha: namba ya kwanza, jina, dolari 50, namba ya pili, jina, dolari 20. Kila anayetoa anaongezwa, na orodha inatumwa tena. Anayeitunga anafikiri anaonyesha uwazi. Lakini angalieni matunda yake. Mwenye franka 1,000 anaona haya, anangoja mpaka apate zaidi, mwisho hatoi kabisa. Koko aliyeweka noti yake kikapuni hayumo katika orodha, kana kwamba hakutoa. Na aliye juu ya orodha amekwisha pokea thawabu yake kwa watu, kama Bwana wetu alivyoonya katika Mathayo 6:1-4.

Yesu alikaa mbele ya sanduku la hazina, akaona matajiri wakitia vingi na mjane akitia senti mbili, akasema mjane amezidi wote (Marko 12:41-44). Orodha ya WhatsApp ingemweka mjane yule mwisho, au ingemsahau.

Uwazi ni kuonyesha fedha ya kanisa, si kuonyesha mfuko wa mshirika. Tangazeni jumla: kikapuni kiasi hiki, kwenye simu kiasi hiki, pamoja ni hiki. Tajeni idadi ya waliotoa kama mnataka. Lakini jina la mtu na kiasi chake vibaki katika daftari la mweka hazina, na mtoaji apate neno lake la shukrani peke yake.

5. Neno lifike masikio yote

Kanisa la Yerusalemu karibu livunjike kwa sababu ya jambo dogo kwa macho: wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgao wa kila siku (Matendo 6:1-6). Mitume hawakuwakemea kwamba wananung'unika. Waliwaambia washirika wachague watu saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Waliweka katika huduma watu ambao kundi lililosahauliwa lingeweza kuwafahamu na kuwaambia shida yake.

Kwetu waliosahauliwa ni nani? Mara nyingine ni koko asiye na simu, au mwenye simu ya batoni isiyofungua WhatsApp. Ni mama ambaye umeme wa Tshopo umekatika kwake na simu imezimika tangu jana. Ni baba asiyeweza kununua mega wiki hii. Ni mshirika ambaye hasomi Kifaransa, na tangazo limeandikwa kwa Kifaransa cha kufupishwa, nusu ya maneno ni namba na herufi. Lakini mara nyingine aliyesahauliwa ni kijana: mwanafunzi wa chuo kikuu anayekuja ibada ya pili tu, wakati matangazo yanasomwa katika ibada ya kwanza, au yule aliyekwenda kutafuta kazi mbali na bado anaita kanisa hili kanisa lake.

Nehemia 8 inatuonyesha Walawi wakisoma sheria kwa sauti na kuifafanua, mpaka watu wakaelewa. Kusoma hakukutosha, mpaka watu waelewe. Kwa hiyo tangazo la fedha lisipite njia moja. Lisemwe kwa mdomo kanisani, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Liandikwe na kubandikwa mlangoni. Litumwe katika grupu, na pamoja na maandishi iwekwe sauti iliyorekodiwa, kwa wasiosoma. Wenye redio ya betri walisikie pia redioni. Na maneno yawe yaleyale kila mahali. Tangazo la grupu likisema mabati 100 na mimbari ikisema mabati 80, mmeshafungua mlango wa shaka.

6. Mambo ya kufanya kuanzia wiki hii

Kwanza, namba ya kanisa isiwe namba ya mtu mmoja. Akaunti ya simu ikiandikwa kwa jina la ndugu mmoja, siku akihama, akigombana na wenzake au akiitwa na Bwana, fedha ya kanisa inabaki ndani ya jina lake, na familia yake inaingia katika taabu. Nendeni kwenye ofisi ya kampuni ya simu, ulizeni kama kanisa lenye karatasi zake linaweza kufungua akaunti ya shirika. Kama haiwezekani bado, wekeni laini moja kwa kazi hiyo tu. Simu ikae kwa mmoja, namba ya siri ijulikane na mwingine, na fedha isitolewe mpaka wote wawili wawepo.

Pili, wahesabu wawe wa vizazi viwili. Yehoyada aliweka mwandishi na kuhani. Nanyi wekeni mzee mmoja na kijana mmoja, wasiwe wa nyumba moja. Baada ya ibada wahesabu noti za kikapu pamoja, halafu wafungue ujumbe wa simu pamoja, wakiandika katika daftari moja. Kijana atamwonyesha mzee jinsi ya kusoma salio. Mzee atamfundisha kijana kutosema nje nani alitoa kidogo. Wote wawili watie sahihi.

Tatu, andikeni ada. Fedha ikitolewa kwenye kabini, kampuni inakata chake. Kama zilifika franka 200,000 na mkononi zikabaki pungufu, semeni wazi kilichokatwa. Shaka nyingi zinazaliwa katika tofauti ndogo ambayo hakuna aliyeieleza.

Nne, kila mchango uwe na mwanzo, kiasi na mwisho. Tunataka nini, ni bei gani, tunafunga siku gani. Ukifungwa, somwa: kimepatikana hiki, tumenunua hiki, kimebaki hiki. Piga picha ya mabati, tuma katika grupu kwa walio mbali. Na wakoko waitwe kuyaona kwa macho yao, wawekewe mkono juu yake, waombee kazi.

Tano, jihadharini na wezi. Kuna watu wanaoiba WhatsApp ya mtumishi, kisha wanaandika kwa jina lake: "Mpendwa, niko katika shida, nitumie haraka kwenye namba hii." Wanaanza kwa kukuomba tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, usimpe mtu yeyote tarakimu hizo, hata akijiita mchungaji wako. Kanisa liweke sheria moja ambayo mtoto na mzee wanaijua: namba isiyotangazwa mimbarini, hatutumi. Ukipata ujumbe, pigia mtumishi simu usikie sauti yake, au tembea mpaka kwake. Hapo wakoko wetu wanatusaidia, maana wao hawaamini karatasi kabla hawajaona uso.

Sita, kila kijana achukue koko mmoja. Amsomee matangazo ya wiki, na koko akitaka kutuma toleo akiwa mgonjwa, amsaidie mbele ya mtu wa tatu. Naye koko amweleze kijana jinsi walivyojenga nyumba ya Bwana wakati hawakuwa na kitu ila kuku, mchele na mikono yao. Kijana akisikia hayo ataelewa kwamba jengo analoliona ni jasho la watu anaowasalimu kila Siku ya Bwana.

7. Kwa nini tunajitaabisha hivi?

Paulo alipokuwa akipeleka msaada kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakwenda nao peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wawili, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa yenyewe. Anaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8:20-21: hakutaka mtu apate la kulaumu juu ya fedha nyingi namna ile, akatafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mungu aliujua moyo wa Paulo. Lakini washirika wa Korintho hawakuweza kuuona moyo wake. Waliweza kuona wale ndugu watatu wanaosafiri na fedha.

Ndugu, mfuko wa wagonjwa ukiwa mtupu kwa sababu watu wameacha kuamini, atakayekosa dawa ni mjane wa benchi ya nyuma. Kijana akiondoka kanisani kwa sababu ya hesabu isiyosomwa, hatuambiwi tu kwamba tumepoteza toleo lake, tumempoteza yeye. Na koko akifa akifikiri kanisa alilolijenga lilihamia ndani ya simu bila yeye, tutamjibu Bwana nini? Daftari moja, watu wawili wa kuhesabu, na dakika tano za kusoma mbele ya wote ni kazi ndogo kuliko hasara hizo.

Tuombe: Baba wa mbinguni, wewe unaona kikapu cha benchi na kikapu cha simu. Wape watumishi wako mikono safi na mdomo wa kusema wazi. Wafundishe vijana wetu kuwangoja wazee, na wazee wetu kuwaamini vijana. Yasimame mabati, wapone wagonjwa, na jina lako lisitukanwe kwa sababu ya fedha. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.